Mstari Ambao Hakuna Aliyeuimba

Haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na mtu akikwambia kwamba Otmar Gutzler ni mwongo, mwelekeze aje aniambie mwenyewe. Nyumba yangu ni ya pili baada ya kisima. Nakubali, niliwahi kuwaambia watu kwamba mwaka wa baridi kubwa barua ziliganda mkobani mwangu hata nikazigawa kwa nyundo. Hiyo ilikuwa hadithi ya kilabuni. Hii si ya kilabuni. Hii niliiona kwa macho yangu haya, nikiwa na umri wa miaka sitini na saba, tumboni sina kitu ila kahawa, na hadi leo nikiikumbuka vinyweleo vya mikono vinanisimama.

Nilipostaafu kupeleka barua, watu wa Rebersweiler walinipa kazi ya kutunza kanisa. Kanisa letu ni moja, wenyewe ni wawili. Saa tatu asubuhi wanasali Waprotestanti, saa nne na nusu wanaingia Wakatoliki, na kati ya viti na altare kuna pazia zito la kijani, urefu wake mita kumi na moja. Mkataba wa mababu unasema hivi: Waprotestanti wakisali, pazia lifungwe wasimwone Maria; Wakatoliki wakisali, lifunguliwe. Mvuta kamba ni mimi. Walinichagua kwa kuwa mama yangu alikuwa Mkatoliki na baba Mprotestanti, na kwa desturi yetu ya zamani wavulana walimfuata baba, wasichana mama. Kwa hiyo dada zangu walisali upande mmoja wa kamba, mimi upande wa pili, na jioni sote tulikula viazi kwenye sufuria moja.

Maria wetu ni mjamzito. Wengi hawapendi kusikia hivyo, lakini ndivyo alivyochongwa. Amesimama peke yake, mti wake umekuwa mweusi kwa moshi wa mishumaa, mkono mmoja ameulaza juu ya tumbo, na macho ameyainamisha kama mtu anayesikiliza kitu kinachogonga kwa ndani.

Kinanda kiko nyuma, juu kwenye rosheni. Mpigaji hukaa akiwapa watu mgongo, kwa hiyo juu ya vitufe pameangikwa kioo, apate kuona mbele kunaendelea nini. Mpigaji wetu alikuwa Gerlinde Wingert, binti wa mkulima wa zabibu, mtoto wangu wa ubatizo. Mzee aliyekuwa akiwapigia Wakatoliki alipokakamaa vidole, wakamwomba Gerlinde awasaidie, na baba yake akakubali, maana muziki, alisema, hauna dhehebu mradi hauna maneno. Basi kila Jumapili, saa tatu, Gerlinde aliona kwenye kile kioo kitambaa cha kijani. Saa nne na nusu aliona Maria, na chini ya Maria alimwona Kilian Schaub akiwasha mishumaa.

Kilian alikuwa mfuga nyuki na mtengeneza mishumaa. Mabega mapana, maneno machache, nywele zinanukia nta. Siku moja aligundua kwamba akisimama kwenye kinara cha tatu kutoka kushoto na kuinua uso, anayaona macho ya Gerlinde ndani ya kioo, madogo, mbali, yakimtazama yeye. Kuanzia siku hiyo mshumaa wa kinara cha tatu ulimchukua muda wa kuchemsha yai. Padre alimsifu kwa uchaji. Mimi niliyekuwa nikikanyaga mivukuto ya kinanda nyuma ya Gerlinde niliona shingo yake ikipata rangi ya divai mpya, nikanyamaza. Walipendana hivyo miezi minane, hawajagusana hata kidole, kila mmoja akimtazama mwenzake kinyumenyume.

Mambo ya kinyumenyume hayakai. Mwishoni mwa Novemba Kilian alivaa koti la baba yake, akaja kumposa.

Valentin Wingert alimkaribisha chakula cha mchana. Nami nilikuwepo, kama baba wa ubatizo. Gerlinde alipika tumbo la nguruwe lililoshindiliwa viazi na nyama, akakata vipande vinene, na kabla uma haujafika mdomoni baba yake akaweka Biblia katikati ya meza, pale ambapo sufuria ya kabichi ilitakiwa kukaa. Wingert alikuwa mjane, mzee wa baraza la kanisa, mtu aliyejisifu kwamba katika maisha yake yote hajawahi kukaa kanisani pazia likiwa wazi. Hakuwa mkatili. Alikuwa tu mtu anayeamini kwamba lililoandikwa limeandikwa.

Akamtaka Kilian asome Mathayo sura ya kumi na tatu, pale watu wa Nazareti wanapowataja ndugu zake Yesu: Yakobo, Yosefu, Simoni na Yuda. Kilian akasoma vizuri, akasema kwamba hata hapa Rebersweiler watoto wa ndugu wawili huitana kaka. Wingert akamfungulia sura ya kwanza, pale Yosefu hakumjua mkewe mpaka alipojifungua; mpaka, akagonga meza, na mpaka ukishafika, zuio limekwisha. Kilian akamjibu kwa adabu kwamba mama yake mzazi alimwambia baba yake, nitakupenda mpaka ufe, naye baba ni marehemu mwaka wa kumi na mama bado anampenda. Halafu yeye naye akauliza: kama Maria alikuwa na wana wengine wanne nyumbani, kwa nini Yesu msalabani alimkabidhi mama yake kwa rafiki? Wingert akasema ni kwa sababu wale ndugu walikuwa bado hawajamwamini, na imeandikwa. Kila mmoja alikuwa na aya yake, na kila aya ilikuwa na mlango wa kutokea nyuma.

Nikaona nisaidie. Nikasema kwamba hata Luther mwenyewe alimshika Maria kuwa bikira hadi mwisho wa maisha yake.

"Luther alikuwa mtawa," Wingert akasema bila kuniangalia. "Mtu haachi tabia zote siku moja. Kula, Otmar, kinapoa."

Tukala. Hakuna aliyepandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Mwishowe Wingert akafuta kisu chake, akatoa masharti.

Hapa lazima nikueleze wimbo wetu. Jumapili ya nne ya Majilio pande zote mbili tunaimba wimbo mmoja wa hapa hapa kijijini, huukuti katika kitabu chochote. Unasimulia mzabibu uliochanua kwenye theluji. Beti zote ni sawa, isipokuwa mstari wa mwisho wa ubeti wa tatu. Wakatoliki huimba: *naye akabaki bikira, jana na leo na milele.* Sisi huimba: *naye Mwana akaja kwetu, jana na leo na milele.* Mtu akiimba mstari ule, unajua atazikwa upande gani wa makaburi.

"Jumapili ya nne uje kwenye ibada yetu," Wingert alimwambia Kilian. "Usimame kando yangu. Uimbe mstari wetu, nikusikie kwa sikio hili. Ukiimba, binti ni wako, sitauliza kingine. Usipoimba, tutasalimiana tukikutana njiani."

Habari ilifika kwa mama yake Kilian kabla ya Kilian mwenyewe. Apollonia Schaub alikuwa mwanamke mdogo mwenye rozari iliyolainika kama punje za dengu. Alimwambia mwanawe kwamba hatamzuia. Ila akiuimba mstari ule, Noeli asije kwake, maana atakuwa amemkana mama mmoja, na wa pili hana haja ya kungoja zamu yake.

Jumamosi, siku moja kabla, mchana mweupe wa theluji, Gerlinde alikuwa rosheni akifanya mazoezi, nami nyuma ya kinanda nikikanyaga mivukuto. Kilian akapanda ngazi. Hawakuniona, au waliniona wakaniona kama sehemu ya kinanda, jambo ambalo kwa mtu wa umri wangu ni heshima. Nilizoea kumsikia Gerlinde akicheka. Siku ile alipiga wimbo mpaka ule mstari, akakata, akaanza tena, akakata palepale.

"Kesho utaimba nini?" alimuuliza bila kugeuka. Alikuwa akimtazama kwenye kioo.

"Anachotaka baba yako. Ni maneno machache."

"Unayaamini?"

"Naamini Mwana alikuja. Mstari wenu hauna uongo, Gerlinde."

"Sasa mbona unashika ukuta?"

Kilian akauachia ukuta. "Kwa sababu hauimbwi ili kusema hayo. Unaimbwa ili kuziba ule mwingine."

"Basi usiuimbe."

"Nisipouimba nakukosa."

"Ukiuimba pia unanikosa." Sasa akageuka, na ndiyo mara ya kwanza niliona wakitazamana ana kwa ana, hatua mbili tu katikati yao. "Nitapika, nitafua, nitakulalia begani, na kila siku nitajua nimeolewa na mtu aliyefunga mdomo wa mama yake kwa ajili yangu. Sitaki kupendwa hivyo, Kilian. Ni bei kubwa na mimi nitaishi nayo jikoni."

Nilisahau kukanyaga. Kinanda kikatoa mlio mrefu, kama ng'ombe aliyechoka, na wote wawili wakaruka. Nikakohoa kuonyesha kwamba nipo na siwasikii.

Kilian akakaa kwenye ngazi. Akamuuliza swali ambalo kwenye ile meza hakuna aliyekuwa amemuuliza binti wa watu. "Wewe unaamini nini kumhusu? Si baba yako. Wewe."

Gerlinde alipiga kitufe kimoja cha chini kabisa, polepole, akakiachia.

"Nataka awe alizaa wengine," alisema. "Nikisoma yale majina manne, baba anaona hoja, mimi naona meza imejaa. Namwona akimchana Yuda nywele, akimkaripia Simoni kwa kukanyaga nguo alizoanika. Namwona mwanamke aliyebeba kitu kizito kuliko mbingu, na bado akarudi akapika uji. Mama yangu hakuipata nafasi hiyo. Nataka awepo mmoja aliyeipata. Kwangu mimi hapungui hata kidogo. Hapo ndipo natetemeka."

Kilian alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa chumba kipya ndani ya nyumba aliyozaliwa.

"Mimi namfikiria Yosefu," alisema mwishowe. "Yule alikuwa seremala, anajua mlango ni nini. Alijua nani amepita katika nyumba ile. Musa alivua viatu mbele ya kichaka kwa saa moja. Nadhani Yosefu alivivua maisha yake yote. Si kwamba aliona kitanda ni uchafu. Watu wenu wanadhani tunasema hivyo, na wengine wetu kweli wanasema hivyo, na wanakosea. Nazungumzia mtu aliyempenda mke wake kwelikweli, kila jioni akamwona akikaa karibu na moto, akasema moyoni: hapa alisimama Mungu, mimi nitakaa pembeni nitazame. Nikimwona hivyo, na mimi natetemeka."

Theluji ilikuwa ikiteleza juu ya paa. Mimi mtu wa maneno mengi nilikuwa nimekaa nyuma ya mabomba ya kinanda na mkono mdomoni, maana miaka sitini na saba nimewasikia watu wakibishana juu ya Maria, na ile ndiyo mara ya kwanza nilisikia watu wawili wakimzungumzia.

"Sijawahi kumwona kwa karibu," Gerlinde akasema. "Ni kwenye kioo tu."

Kufungua pazia nje ya saa ni kuvunja mkataba. Nilishuka, nikavuta kamba.

Gerlinde alitembea katikati ya viti, viatu mkononi, soksi zake za sufu zikiacha alama za maji kwenye mawe. Kilian alibaki nyuma. Gerlinde alipofika mbele ya Maria alisimama.

"Ni mkono wa kulia," alisema.

Hatukuelewa. Akatugeukia, macho yamejaa. Miaka mitatu alikuwa amemwona Maria ameshika tumbo kwa mkono wa kushoto, kwa sababu ya kioo. Kila alichokijua juu yake kilikuwa kimegeuzwa. Akainua mkono wake mwenyewe wa kulia, akauweka juu ya ule wa mti, na akaacha. Mti wa miaka mia nne na kiganja cha msichana. Kilian alikuwa amepiga magoti pale aliposimama, na sidhani alijua.

Tulitoka bila kuagana. Kesho ilikuwa bado ileile, na masharti yalikuwa bado yaleyale.

Jumapili ilikuja na baridi ya kupasua mawe, mbingu safi. Saa tatu kanisa lilijaa. Wingert alisimama safu ya pili, na kando yake Kilian, uso umemtoka rangi kama nta ambayo haijatiwa rangi. Wakatoliki kwa kawaida hungoja nyumbani hadi zamu yao, lakini siku ile, wakijua kinachosubiriwa, walikuwa wamebanana ukumbini nyuma ya mlango, Apollonia mbele yao, sikio lake kwenye ubao. Mimi nilikuwa chini karibu na kamba. Mivukuto nilimwachia mpwa wa mchungaji.

Gerlinde akaanza wimbo. Ubeti wa kwanza watu waliimba kwa uoga. Wa pili wakapata joto. Sauti ya Wingert iliwazidi wote, sauti ya mtu anayewaita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Kilian aliimba pia, maana hadi hapo hakukuwa na ubishi. Ubeti wa tatu ukaingia. Mstari wa kwanza. Wa pili. Niliona mkono wa Kilian ukishika kiti cha mbele.

Hapo kamba ikaachia. Kamba ya miaka sitini, panya wanaijua, na baridi inakausha kila kitu, nani atashangaa? Pazia lote lilishuka mara moja, mita kumi na moja za kitambaa, likatoa pumzi kubwa ya vumbi, likalala chini.

Dirisha la altare linatazama mashariki. Desemba, saa ile, jua la kwetu hupita chini kabisa juu ya mashamba ya zabibu, na asubuhi ile lilipita kwenye kioo chekundu na cha dhahabu, likaingia ndani ya vumbi lile, na vumbi lote likawaka. Ndani ya moto ule alisimama yeye. Mweusi, mdogo, mjamzito, mkono wa kulia juu ya tumbo, akisikiliza. Ninakuapia kwamba kwa muda wa pumzi tatu hukuweza kusema ni mti. Wazee waliozaliwa hatua mia moja kutoka kwake, wakabatizwa hatua kumi kutoka kwake, walikuwa wakimwona kwa mara ya kwanza.

Mstari ukafika.

Gerlinde hakusimamisha kinanda. Alimwona kwenye kioo chake, nadhani, akaendelea kupiga, polepole, kila sauti mahali pake. Lakini hakuna aliyeimba. Watu mia mbili, vinywa wazi, na hakuna neno, si letu wala lao. Kinanda kiliusema mstari wote peke yake, jana na leo na milele, kikamaliza, na kimya kilichofuata kilikuwa kizito hata nikasikia nta ikidondoka kwenye kinara. Mlango wa nyuma ulikuwa umefunguka. Wakatoliki walikuwa wamesimama pale na theluji viatuni, hawakuingia wala hawakurudi.

Mchungaji akasahau baraka. Watu wakabaki wamesimama.

Wa kwanza kusema alikuwa Kilian. Alimgeukia Wingert, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kukubali.

"Mzee, sikuimba."

Wingert alikuwa bado anatazama mbele. Yule mtu mgumu alikuwa amevua miwani, na hakuwa akiifuta.

"Sikusikia," alijibu. "Hata mimi sikuimba."

Apollonia alikuwa amepita katikati ya viti vya Waprotestanti, jambo ambalo hakuna mwanamke wa upande wao aliyewahi kulifanya, akamfikia mwanawe, akauliza kwa sauti ndogo ameimba nini. Wingert ndiye aliyemjibu. Hakumjibu swali lake.

"Luise wangu alikuwa akiweka mkono pale pale," alisema. "Mimba ikiwa na miezi minane. Alikuwa akisema, Valentin, njoo usikie, anagonga. Nilikuwa na kazi ya zabibu. Nikamwambia nitasikia kesho."

Kijiji kizima kilijua jinsi Luise Wingert alivyokufa, na mtoto wake wa pili hajazaliwa. Hakuna aliyewahi kumsikia mumewe akilitaja jina lake kwa miaka ishirini na moja.

Apollonia hakumpa pole. Alifungua mkono wake, akatoa leso, akampa, na Wingert akaipokea, akapenga kamasi kwa kishindo cha kuamsha wafu. Mtu mmoja akacheka, halafu wengi. Gerlinde alikuwa ameshuka kutoka rosheni. Alikuja akasimama mbele ya Kilian, si kwenye kioo, na baba yake akaushika mkono wake, akautazama kama anaupima, akauweka ndani ya mkono wa yule kijana. "Nilisema nisikie mstari," alisema. "Sikusema nini kitatokea nisiposikia chochote. Basi mchukue. Lakini ubishi wetu haujaisha, Kilian Schaub. Sura ya kumi na tatu bado iko palepale."

"Nitaisoma, Baba," Kilian akasema.

Walifunga ndoa kabla ya Kwaresima. Kuhusu watoto, walirudi kwenye desturi ya zamani, wavulana na baba, wasichana na mama. Padre alinuna, akaandika barua kwa askofu, na jibu halijafika hadi leo, ama lilifika likakutana na tarishi mvivu. Mimi nilikuwa nimestaafu, msinitazame.

Juu ya yote hayo nimeapa, na ningekomea hapo, mwanamume mwenye heshima zake. Lakini Jumatatu ile, siku moja baada ya pazia kuanguka, Valentin Wingert alikuja nyumbani kwangu. Alikaa, akakubali kahawa, akasema malaika wa Bwana ni wa ajabu. Nikakubali. Akasema na panya pia. Nikakubali kwa uangalifu zaidi. Halafu akatoa mfukoni ncha ya kamba, akailaza mezani kati ya vikombe viwili.

Haikuwa imeliwa na panya. Haikuwa imekatika. Ilikuwa na mikunjo ya fundo lililofunguliwa, lile fundo la sisi watu wa posta, ambalo hufunga mzigo wa barua kama chuma na hufunguka ukilivuta kwa kidole kimoja.

"Miaka thelathini uliniletea barua zimefungwa hivi," Wingert alisema. "Kila asubuhi nilikuwa navuta pale. Malaika aliwahi kufanya kazi posta?"

Nilijaribu kusema kitu kuhusu kudura. Akanitazama tu. Nikaona bora nikiri, na nikakiri yote, hata yale ya barua zilizoganda.

Mabaraza mawili yalikutana kunihukumu, mara ya kwanza kukaa chumba kimoja tangu enzi za babu yangu, na walikubaliana haraka kuliko walivyotaka. Pazia lilikuwa limechanika katikati. Otmar Gutzler atashona jipya, kwa mkono, mita zote kumi na moja, pindo mara mbili, na hadi atakapomaliza kanisa litakaa wazi. Nikaipokea adhabu. Nililetewa sindano, uzi, na marobota ya kitambaa kizito ambacho kinavunja kucha. Mimi hushona siku za Alhamisi nikiwa na nguvu. Vidole vyangu ni vya bahasha, havikuzoea.

Wingert hupita kuangalia kazi. Wiki iliyopita alikuja na mjukuu wake wa tatu begani, msichana, amelala. Akaketi, akainua pindo, akahesabu mishono yangu iliyopinda moja moja kama mtu anayekagua zabibu.

"Zimebaki mita ngapi?" aliuliza.

"Tisa," nikasema. Ni mwaka wa sita sasa.

Alimhamishia mtoto bega la pili. Kisha akaninyang'anya sindano taratibu, akaichomeka ukutani juu, mahali nisipopafikia bila kupanda kiti.

"Usiharakishe," akasema.